Rafu ya Kaseti, Mikumi

Kabla ya kuhamia Mikumi nilikuwa fundi redio Kilosa, kwenye kibaraza cha duka nyuma ya stesheni. Nilihama mwaka 1991, na sababu ilikuwa mabasi. Garimoshi la Reli ya Kati lilipita Kilosa kwa siku zake, na abiria walioshuka walitafuta mihogo na chai, si betri. Mikumi barabara kuu ya Zambia haikulala. Mabasi ya Iringa, Mbeya, Njombe na Songea yalisimama ili watu wale, na hapo hapo ndipo inapoingia barabara ya Kilosa, siku hizo vumbi tupu, na ndipo inapotokea ile ya Kidatu na Ifakara. Nikajenga kibanda cha mbao, upande mmoja meza ya kuunga nyaya, upande wa pili rafu ya kaseti. Haikupita muda rafu ikawa ndiyo inayoilisha meza.

Kaseti nyingine nilizifuata Kariakoo, nyingine nilizidurufu mwenyewe kwa redio ya deki mbili. Kila jioni nilisafisha hedi kwa pamba na spiriti. Mkanda ukiliwa na mashine niliuzungusha kwa kalamu ya Bic mpaka ukarudi mahali pake. Niliuza dansi, taarabu na kwaya. Lakini kuanzia mwaka 1992 kaseti zilizotoka haraka kuliko zote hazikuwa na gitaa wala kinanda ndani yake. Zilikuwa za watu wanaosema.

Vijana wa leo wanaona ajabu nikiwaeleza hivyo, kwamba mtu alitoa hela yake akanunua hotuba. Inabidi wajue tulikotoka. Tulikuwa na chama kimoja kisheria tangu mwaka 1965, na redio moja, ya serikali. Redio ya kwanza ya mtu binafsi hatukuisikia mpaka mwaka 1994. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka kuuliza kama tunataka vyama vingi, ni kama mtu mmoja katika kila watano aliyesema anataka, na bado ikashauri mfumo ubadilike. Tarehe 1 Julai 1992 vyama vingi vikawa halali. Sasa jiulize: katika nchi ambayo kwa miaka karibu thelathini mwenye kusimama jukwaani alikuwa ametumwa na chama, nani alikuwa amezoea kusema mbele ya umati bila kuandikiwa? Mwalimu wa shule alisema ya kwenye mtaala. Mwenyekiti wa kijiji alisema ya kwenye waraka. Waliobaki ni mapadri, wachungaji na masheikh. Hao walikuwa na mimbari zao, walikuwa na koo zilizokomaa, na zaidi ya yote walikuwa na wasikilizaji ambao hawakuitwa na mjumbe wa nyumba kumi. Kwa hiyo siasa ilipofunguliwa, haishangazi kwamba sauti kali za mwanzo zilikuwa za watu wa dini. Wenye kuuliza "huyu mchungaji anatafuta nini kwenye siasa" walisahau kuuliza siasa nyingine ilikuwa imefugwa wapi.

Sauti iliyouza kuliko zote ilikuwa ya Mchungaji Christopher Mtikila. Sikuwahi kumwona kwa macho, lakini sauti yake ningeitambua gizani. Alikuwa mtu wa Ludewa, kiongozi wa chama alichokiita Democratic Party, chama ambacho serikali ilikataa kukisajili kwa sababu kilitaka Tanganyika irudi na Muungano hakikuutambua. Usajili hakuupata mpaka mwaka 2002. Chama bila usajili hakipewi jukwaa, basi jukwaa lake likawa mkanda. Aliongea kama mtu anayegombana na jirani aliyeiba kuku: anaanza polepole, anakutajia jina, anakutajia tarehe, halafu anapanda. Mtu maskini alimwita mlalahoi, na walalahoi wakalipenda jina lile wakalivaa. Wahindi wenye mali aliwaita magabacholi.

Hapo kwenye magabacholi sitapita haraka, maana kuna watu wanamkumbuka Mtikila leo kana kwamba alikuwa mtetezi wa katiba peke yake. Kaseti zile nilizisikiliza mimi. Zilikuwa na hoja nzito juu ya rushwa na juu ya mali ya umma inavyogawanywa, na katikati ya hoja hizo palikuwa na chuki ya rangi. Dar es Salaam, mwaka 1993, vijana waliotoka kwenye mkutano wake walirusha mawe kwenye maduka na magari ya Wahindi. Kilosa kulikuwa na wafanyabiashara wa Kihindi tangu enzi za mkonge na pamba, na mmoja wao, mzee niliyemtengenezea redio tangu ujana wangu, alikuja Mikumi na pikapu yake akaketi kwenye benchi langu.

"Fundi, ile kaseti ya yule padri unayo?"

"Si padri, mzee, ni mchungaji. Ninayo."

"Weka."

Nikaweka. Akasikiliza upande wa kwanza wote, mikono juu ya magoti. Ulipokwisha nikamwuliza kama nigeuze.

"Geuza. Huyu anasema mbele yangu. Ninaowaogopa ni wale wanaonunua sukari kwangu asubuhi wakicheka, jioni wanasema hivi hivi na mimi siwasikii."

Alinunua ile kaseti. Baadaye niliambiwa na kijana wake wa dukani kwamba aliwachezea wanawe, akawaambia wasifunge duka wala wasihame, ila mlango wa nyuma watie komeo jipya. Kuna watu wamenisomea vitabu juu ya uhuru wa kusema, lakini sijasikia hoja iliyonikaa kuliko ile ya mzee yule. Na komeo lile nalo ni sehemu ya hoja. Si kwamba hakuumia.

Upande wa pili wa rafu ilikuwa mihadhara. Wahubiri wa Kiislamu walikuwa wamejifunza Biblia aya kwa aya, wakawa wanasimama viwanjani na kuisoma mbele ya Wakristo. Waliowafungulia njia walikuwa Ngariba na Kawemba, walioandika kijitabu cha Uislamu katika Biblia mwaka 1987, na nyuma yao kulikuwa na kanda za video za Ahmed Deedat wa Afrika Kusini. Mtindo ulikuwa huu: msomaji mmoja anaishika Biblia, anatajiwa sura na mstari, anasoma kwa sauti; mhubiri anauliza, "Hapo Yesu kasema yeye ni Mungu?" Umati unajibu. Wakristo wakija na wachungaji wao, na wao wanapewa kipaza sauti. Nimeona mihadhara iliyokwenda kutwa nzima, watu wamesahau kula. Nimeona pia iliyogeuka kejeli tupu, watu wanacheka mambo ambayo jirani yao anayapigia magoti.

Kwetu jambo hilo lilikuwa la nyumbani. Baba yangu alibatizwa na Waanglikana Mamboya. Mama yangu alikuwa Msagara wa Kilosa, Mwislamu, na tulimzika Kiislamu. Tumbo moja lilizaa Yohana na Juma, na siku ya Idi wote walikula pilau. Ukoo wa namna hiyo Kilosa si wa kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo mihadhara ilipofika, haikutukuta kama vita ya watu wasiojuana. Ilitukuta kama ugomvi ambao nyumbani ulikuwa unaepukwa kwa heshima, na sasa mtu kauleta uani na spika.

Nilikuwa na wateja wawili wa rafu ile ambao nitawataja kwa kazi zao tu, kwa kuwa mmoja bado yu hai na hapendi kutajwa. Mmoja alikuwa ustaadhi wa madrasa. Mwingine alikuwa mwinjilisti. Wengi wangedhani ustaadhi alinunua mihadhara na mwinjilisti akanunua Mtikila. Haikuwa hivyo. Ustaadhi ndiye aliyekuwa mteja wangu mkubwa wa Mtikila. Mtikila alikuwa akiushambulia Uislamu waziwazi, hasa Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu kimyakimya, habari iliyolipuka mwanzoni mwa mwaka 1993 na kumalizika kwa Zanzibar kujitoa mwaka ule ule. Ustaadhi alizichukua kaseti hizo, akakaa nazo usiku, akaandika kwenye daftari la shule hoja moja moja na jibu lake. Nilimwuliza kwa nini asiombe zizuiwe. Akaniambia, "Zikizuiwa nitamjibu nani?"

Mwinjilisti, kwa upande wake, alinijia mara nyingi kunisihi niondoe mihadhara. Hakuja kwa ukali. Alikuwa mtu mpole, ndiye aliyekuwa akimsomea barua mama yangu wakati mimi niko safari.

"Fundi, unauza matusi ya Bwana wako."

"Mwalimu, nimeisikiliza. Anasoma Biblia yetu."

"Anaisoma ili aivunje."

"Na wewe ukiipata Kurani mkononi utaisoma ili uifanyie nini?"

Akanyamaza, lakini hakuridhika, na sikumlaumu. Mwezi Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam, na serikali ikawakamata masheikh. Mwinjilisti akanijia na gazeti: si unaona? Niliona. Bucha la mtu lilikuwa limevunjwa, na aliyevunja alistahili mahakama. Niliona pia kwamba kati ya mkono ulioshika nondo na mdomo ulioshika kipaza sauti, serikali ilipenda zaidi kuanza na mdomo, kwa kuwa mdomo unajulikana unakoishi.

Na mimi nilifikiwa. Watu wawili waliovaa kiraia walikuja na gunia, wakasema wametumwa kuchukua kaseti za uchochezi. Nikawauliza zipi. Hawakuwa na orodha. Mmoja akaelekeza kidole kwa Mtikila, mwenzake akaelekeza kwenye mihadhara, na zote zikaingia gunia moja, na kwa haraka zao wakabeba na kwaya mbili za Kilutheri. Nilitamani mwinjilisti na ustaadhi wawepo waone. Niliwaeleza baadaye, kila mtu kwa wakati wake. Ustaadhi alicheka. Mwinjilisti alitaka kujua kama zile kwaya zitarudi.

Mwezi Oktoba 1994 ndipo nilipoanza kumwona Mtikila kwa sura nyingine. Alikuwa amefungua kesi Mahakama Kuu Dodoma, akipinga sheria zinazomlazimisha mtu awe na chama ndipo agombee, na sheria zinazotaka mikutano iombewe kibali. Jaji Kahwa Lugakingira akampa yote mawili. Alisema mgombea binafsi ni haki, na kwamba mkutano wa hadhara hauhitaji kibali, inatosha kutoa taarifa. Kuhusu mgombea binafsi, Bunge halikungoja. Kabla mwaka haujaisha lilikuwa limebadilisha katiba ili hukumu isifanye kazi. Lakini la kibali lilisimama. Tangu hapo sheria ikawa kutoa taarifa polisi saa 48 kabla.

Mtu wa mjini anaweza kuona hilo ni jambo dogo la karatasi. Huku kwetu lilikuwa kubwa. Kibali kilimaanisha kwamba mtu mmoja ofisini anaamua leo Kilosa watasikia nini, na hana haja ya kukwambia kwa nini. Na waliofaidi si wanasiasa tu. Wenye mihadhara walikuwa wakinyimwa vibali kila kukicha, na wachungaji wenye mikutano ya injili nao wakaanza kunyimwa ili mizani ionekane sawa. Mtu aliyewafungulia mlango wahubiri wa Kiislamu alikuwa mchungaji aliyekuwa akiwatukana. Nilimwambia hivyo ustaadhi. Akasema Mwenyezi Mungu ana njia zake za kutuma watu, na nyingine ni za kuchekesha.

Mimi mwenyewe kuna kaseti niliikataa. Ilikuwa mwaka 1996 au hapo karibu. Kijana mmoja aliniletea nakala kumi, mhubiri simtaji dini, maana dini zote mbili zimezaa watu wa aina hiyo. Upande wa kwanza ulikuwa mahubiri. Upande wa pili, mwishoni, alimtaja mtu wa mji wetu kwa jina lake na jina la babake, akataja nyumba yake ilipo, mbele ya mti gani, akawaambia wasikilizaji wanajua la kufanya. Nilimrudishia zote. Aliniita mwoga. Nikamwambia mhubiri wako akitaka kumwita mtu huyo mnafiki, fisadi, kafiri, mtoto wa shetani, nitaiweka mbele kabisa ya rafu; lakini hii si mahubiri, hii ni ramani. Hapo ndipo nilipochora mstari wangu, na kwa kuwa nilikuwa na kibanda changu nilikuwa na haki ya kuuchora. Shida yangu na sheria zetu za uchochezi, zile za Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 na nyingine, ni kwamba mstari wao haukuwa hapo. Wao waliuchora pale ambapo serikali inaanza kujisikia vibaya.

Mwezi Februari 1998 polisi walipambana na waumini msikitini Mwembechai, Dar es Salaam. Ilianza na malalamiko juu ya mahubiri, ikaishia na risasi na watu waliokufa. Hamza Njozi, mwalimu wa Chuo Kikuu, akaandika kitabu juu ya mauaji yale, na kitabu kikapigwa marufuku. Kilifika Mikumi hata hivyo, kwenye begi la dereva wa lori, kurasa zimetolewa fotokopi zikashonwa kwa uzi wa gunia. Mwaka 1999 ikawa zamu ya Mtikila kufungwa, mwaka mmoja, kwa maneno aliyosema kwamba chama tawala ndicho kilichomwua Luteni Jenerali Imran Kombe, mkuu wa zamani wa usalama aliyepigwa risasi na polisi mwaka 1996. Kwamba polisi walimpiga risasi haikuwa siri. Siri, kama ipo, ilikuwa ni kwa nini, na hilo la kwa nini ndilo lililomfunga.

Lakini kesi iliyotugawanya sisi hasa, watu wa mkoa wa Morogoro, ilikuwa ya Hamisi Rajabu Dibagula. Alikuwa mhubiri wa Kiislamu. Alishtakiwa katika mahakama ya wilaya Morogoro kwa kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini. Maneno yenyewe: Yesu si mwana wa Mungu, ni mtume. Mwaka 2001 akahukumiwa miezi 18 jela.

Habari ilipofika Mikumi, mwinjilisti alikuwa na furaha ambayo alijaribu kuificha. Nilimpenda mzee yule, na kwa sababu hiyo nilibishana naye kuliko nilivyobishana na mtu yeyote maishani. Nilimwambia: maneno aliyofungiwa Dibagula kila mtoto wa madrasa anayajua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mama yangu aliyasema nyumbani kwetu, mbele ya baba yangu, na baba akaendelea kula. Kama ni kosa, basi tumfunge marehemu. Na wewe Jumapili unaposimama ukasema Yesu ndiye njia pekee, huoni kwamba kuna mtu upande wa pili wa ukuta anaambiwa njia yake haifiki?

"Mimi nasema kanisani."

"Una spika nne nje ya kanisa, Mwalimu. Nilizifunga mimi."

Alikubali la spika. Hakukubali lingine. Wiki chache baadaye alifiwa na mama yake, na tukaenda kuzika kijijini, njia ya Kilosa. Watani wa marehemu wakaja. Walifanya kama wanavyofanya watani: mmoja akajitupa kaburini akakataa kutoka mpaka alipwe, mwingine akasimama mbele ya jeneza akasema marehemu alikuwa mchoyo, chumvi aliipima kwa kijiko, na hata huko aendako malaika watakula mlenda bila chumvi. Watu walicheka huku wanalia. Mwinjilisti akaingiza mkono mfukoni akatoa hela.

Nilingoja matanga yaishe. Kisha nikamwambia: yule mtani kamsema mama yako mbele ya watoto wake, umempa hela. Dibagula hakumtaja mama yako wala wewe.

Jibu lake nimekaa nalo miaka yote hii. "Mtani namjua, Fundi. Akifiwa yeye nitakwenda kumtukana mama yake, na siku nikiumwa atakuja kunibeba. Huyo Dibagula akimaliza kusema anakunja spika anaondoka. Akishaondoka, mimi na jirani yangu ndio tunaobaki tunaangaliana."

Alikuwa na haki. Jambo lililokuwa likimwuma si sentensi, maana sentensi alikuwa akiijua. Lilikuwa ni kusemwa na mtu asiye na deni kwake. Lakini nikamwuliza, miezi 18 ya jela itamfanya Dibagula awe mtani wako? Itawafanya wanafunzi wake waje kukubeba ukiumwa? Siku zile Dar es Salaam Waislamu waliandamana, mabomu ya machozi yakapigwa, watu wakakamatwa. Mhubiri ambaye nje ya mkoa hakuna aliyekuwa anamjua akawa jina la taifa zima. Kaseti zake, ambazo sikuwahi kuwa nazo, niliulizwa kila siku.

Mahakama Kuu ilimpunguzia adhabu kiasi cha kumtoa gerezani hapo hapo, ila ikaacha hatia mahali pake. Akakata rufaa. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ikaifuta na hatia yenyewe. Nilisomewa hukumu ile na wakili kijana aliyekuwa anangoja basi la Iringa, akinifasiria kutoka Kiingereza. Kilichonigusa ni jinsi majaji walivyoanza na mambo ya kawaida kabisa: kwamba nchi hii ina dini nyingi, kwamba dini hizo zinapingana katika mambo ya msingi, kwamba katiba inampa mtu haki ya kuitangaza imani yake, na kwamba kuitangaza hakuepuki kumkera wa imani nyingine. Kukera si kosa. Kosa linahitaji nia ya makusudi ya kuumiza. Mwinjilisti nilimpelekea habari hiyo mwenyewe, nyumbani kwake, nikijua haitampendeza. Alisema, "Sasa na mimi nitasema wazi yangu." Nikamwambia hilo ndilo ninalolingoja. Hakusema sana, kwa kweli. Alikuwa mtu wa upole na alikufa hivyo.

Baada ya hapo kaseti zikafa. Zikaja CD, zikaja memori kadi, sasa kila mtu ana kibanda chake mfukoni. Nilirudi kwenye nyaya. Mambo yenyewe hayakwisha. Mwezi Agosti 2013 Sheikh Ponda Issa Ponda alijeruhiwa bega Morogoro mjini alipokuwa anatoka kwenye mkutano na polisi wanamkamata, akashtakiwa hapo hapo Morogoro kwa maneno aliyoyatoa, na kesi ikachukua zaidi ya miaka miwili kabla hajaachiwa huru. Mwaka huo huo, mwezi Juni, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilikuwa imempa Mtikila ushindi mwingine juu ya mgombea binafsi, miaka karibu ishirini baada ya Dodoma. Sheria haijabadilishwa. Mtikila mwenyewe alikufa alfajiri ya tarehe 4 Oktoba 2015, gari lilipopinduka Msolwa, karibu na Chalinze, akitoka Njombe, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Njia ya Njombe ni hii hii yetu. Atakuwa alipita Mikumi usiku ule, nami nimelala.

Mwaka 2018, maaskofu Wakatoliki wakati wa Kwaresima na maaskofu wa Kilutheri wa KKKT wakati wa Pasaka walitoa nyaraka juu ya hali ya nchi: watu kupotea, mikutano ya siasa kuzuiwa, katiba mpya. Serikali ikawaandikia barua wafute, kisha waziri akaikana barua. Watu wale wale waliokuwa wameridhika masheikh walipofungwa wakaanza kusema kuna uonevu kwa dini. Sikuwabishia. Niliona afadhali wamefika, hata kama wamechelewa basi.

Mwezi Juni 2025 ikawa zamu ya Josephat Gwajima, askofu na wakati huo mbunge wa Kawe kwa tiketi ya chama tawala. Alikuwa amesimama kukemea utekaji wa watu. Msajili wa Jumuiya akafuta usajili wa kanisa lake, Ufufuo na Uzima. Angalia jinsi adhabu ilivyokwenda: aliyesema ni mmoja, waliofungiwa mlango ni maelfu, pamoja na mama aliyekwenda kuombewa mtoto na hajui utekaji umetajwa saa ngapi. Hata gunia la wale wa kiraia lilichukua kaseti, halikuchukua kibanda.

Ustaadhi alinipigia simu. Ni mzee sasa, macho hayaoni vizuri, ila masikio hayana tatizo.

"Fundi, una ile sauti ya Gwajima?"

"Mjukuu wangu anayo. Lakini sheikh, huyu mwaka 2021 si ndiye aliyewaambia watu wasichanje korona, ukamkasirikia?"

"Nilimkasirikia na nimemkasirikia mpaka leo. Tena nikwambie. Sheikh angekaa bungeni na kusema msikitini aliyoyasema huyu, angeitwa gaidi. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa ndani miaka mingi, wametolewa 2021, kesi imefutwa hivi hivi. Miaka hiyo yote maaskofu wangapi uliwasikia?"

Sikuwa na jibu, maana niliowasikia walikuwa wachache mno.

"Kwa hiyo wewe unaona sawa kufungiwa?"

"Nimesema hivyo? Nimekuuliza sauti unayo au huna."

Nikamtumia. Jioni akapiga tena. La utekaji alikubaliana nalo lote, akasema hata angekuwa yeye angelisema hivyo hivyo, pengine kwa ukali zaidi. Kwenye maandiko akasema ana maneno naye, na akaanza kunieleza pale alipokosea, moja baada ya jingine, mpaka salio lake likakata.